Claude Hopkins: Mwalimu wa matangazo ya kweli aliyewahi kuuza maji kama dawa

Fungua barua pepe kwenye simu yako sasa hivi. Huenda kuna moja inayosema ofa inaisha leo usiku wa manane, na wiki iliyopita ilisema hivyo hivyo. Nyingine inakuita rafiki mpendwa, ilhali aliyeituma hakujui wala humjui. Unafuta, unaendelea na maisha.

Lakini zipo chache ambazo huwa unazifungua. Zinataja bei. Zinasema kitu kinafanya kazi gani na kinafanyaje. Zinakwambia jaribu kwanza, usipopenda rudisha.

Namna hiyo ya kuandika haikuanza na intaneti. Mmoja wa watu walioikuza mpaka ikawa fani ni Mmarekani Claude C. Hopkins, aliyefariki mwaka 1932, miongo kadhaa kabla barua pepe ya kwanza haijatumwa. Waandishi wa matangazo mpaka leo wanamtaja kama babu yao.

Wengi wanapomtaja wanaruka sehemu moja ya maisha yake: jamaa huyo huyo alitajirika kwa kuuza chupa ambayo maabara ilipoipima ilikuta karibu yote ni maji.

Mtoto wa mjane

Hopkins alizaliwa jimbo la Michigan mwaka 1866. Alipokuwa na miaka kumi, mama yake alibaki mjane. Mama, mwenye asili ya Uskoti, alifundisha shule na alishika dini kwa ukali mkubwa. Mtoto naye ilibidi atafute hela: alifagia madarasa kabla na baada ya masomo, na jioni alipeleka magazeti nyumba kwa nyumba.

Mama alikuwa pia anatengeneza dawa ya kung'arisha vijiko na sahani za madini ya fedha, na Claude ndiye aliyekuwa akiizungusha mitaani. Hapo akagundua kitu. Akisimama mlangoni na kueleza jinsi dawa ilivyo nzuri, nyumba moja kati ya kumi ndiyo inanunua. Akiruhusiwa kuingia jikoni na kusugua kijiko kimoja mbele ya mama mwenye nyumba, karibu wote wananunua.

Dawa ilikuwa ile ile na mtoto alikuwa yule yule. Tofauti ni kwamba mteja ameona mwenyewe. Karibu kila alichokuja kufanya baadaye kilitokana na kile kijiko.

Nyumbani ilitarajiwa awe mchungaji, na akiwa kijana mdogo alikuwa tayari anahubiri. Lakini alipofika miaka 18 hivi alisimama kwenye mimbari na kusema wazi kwamba haamini ule ukali aliolelewa nao, ambapo karibu kila starehe ilikuwa dhambi. Mama yake hakumsamehe. Kijana akaondoka, akafanya kazi za shambani akapata ada, akaenda kusomea utunzaji wa hesabu katika mji wa Grand Rapids.

Karani aliyempinga mkubwa

Kazi iliyombadilisha aliipata hapo hapo Grand Rapids, katika kampuni ya Bissell. Hawa walitengeneza vifagio vya zulia vya kusukuma kwa mkono, vyenye burashi inayozunguka chini. Hopkins alikuwa karani wa hesabu. Akiangalia vitabu vyake aliona jambo lililomsumbua: mshahara wa karani ni gharama, na kampuni siku zote hutafuta jinsi ya kupunguza gharama. Anayeingiza hela ni muuzaji. Huyo hakuna anayetaka kumpunguza.

Nafasi yake ilikuja siku kampuni ilipoletewa kijitabu cha matangazo kilichoandikwa na John E. Powers.

Powers wakati huo ndiye alikuwa jina kubwa kuliko wote katika kazi hiyo. Alikuwa ameandikia duka kubwa la John Wanamaker mjini Philadelphia, na sifa yake ilikuwa moja, kusema kweli hata inapouma. Inasimuliwa kwamba aliwahi kutangaza tai za bei rahisi kwa kueleza kuwa si nzuri kama zinavyoonekana, ila kwa senti 25 zinatosha. Kuna pia kisa cha kampuni ya Pittsburgh iliyokuwa inakaribia kufilisika. Powers akawashauri watangaze gazetini kwamba wamefilisika na madeni yanazidi uwezo wao wa kulipa, na kwamba wateja wakija kununua kesho yake huenda duka likapona. Watu wakajaa dukani.

Sasa karani kijana anasoma kijitabu cha mtu huyu na kusema hakifai. Sababu yake? Powers hajui vifagio. Hakuuliza vinauzwaje, hakuwafikiria akina mama wanaovitumia. Ameandika maneno matamu juu ya kitu asichokifahamu.

Hopkins akaomba aandike chake, akakiandika usiku baada ya kazi. Wakubwa wakachagua cha karani.

Ukweli wa Powers ulikuwa wa kukiri udhaifu wa bidhaa. Hopkins aliongeza hitaji jingine, kwamba kabla ya kusema kweli ni lazima kwanza uijue, na kuijua kunataka kuinuka kwenye kiti.

Barua 5,000

Kisha akaja na wazo ambalo ofisini lilichekesha. Krismasi ilikuwa inakaribia, na yeye akataka vifagio viuzwe kama zawadi. Nani anampa mkewe fagio Krismasi?

Akaandika barua na kuzituma kwa posta kwenye maduka. Kwa hesabu zake mwenyewe, barua zilikuwa kama 5,000 na zilileta oda 1,000. Kampuni ilikuwa imezoea kutuma wauzaji wa kusafiri. Oda za njia ya barua zilikuwa karibu kitu kipya kabisa kwao. Yeyote anayetuma barua pepe za biashara leo anajua kwamba jibu moja kwa kila barua tano ni ndoto.

Baadaye akawashauri waunde vifagio kwa mbao 12 tofauti, kuanzia za rangi nyepesi mpaka nyeusi, pamoja na mbao nyekundu ya kutoka India. Mafundi walipinga. Walitaka azungumzie mitambo, yeye anazungumzia rangi ya mbao. Lakini alishajua wanunuzi wanaangalia nini. Anasimulia kwamba vifagio 250,000 viliuzwa ndani ya wiki tatu.

Kingine cha kuangalia ni jinsi alivyompa mwenye duka ofa. Hakumbembeleza anunue. Aliigeuza ofa kuwa nafasi yenye masharti: utaletewa vifagio hivi, ila ukubali kwa saini kuvionyesha dukani na kuwapa wateja wako karatasi tutakazokutumia. Watu hukimbia wanaposukumwa. Wakiona kitu si cha kila mtu, wanakuja wenyewe.

Chicago, kisha chupa

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Akahamia Chicago kwenye kampuni kubwa ya nyama ya Swift, akauza mafuta ya kupikia yaliyoitwa Cotosuet, na kwa ajili yake duka moja likaonyesha keki kubwa kupita kiasi ambayo watu walipanda ngazi kwa maelfu kuitazama. Akaenda Racine, Wisconsin, akatangaza dawa za Dr. Shoop. Zilikuwa dawa za chupa za miaka ile, ambazo hakuna aliyelazimika kueleza zimetengenezwa na nini. Shule ya matangazo ya Marekani wakati huo ilikuwa hiyo, maana mtu akiweza kuuza dawa kwa maandishi tu, anaweza kuuza chochote.

Mwaka 1902 akajiunga na Douglas Smith, mfanyabiashara aliyekuwa amenunua haki za dawa kutoka Kanada na kuipa jina la Liquozone. Hopkins alikubali kupewa sehemu ya umiliki badala ya mshahara. Yaani aliweka riziki yake yote humo.

Mbinu zote alizojifunza alizitumia hapa. Hakumwambia mtu anunue chupa, alimpa ya kwanza bure. Unakata kuponi gazetini, unaituma, unaletewa barua ya kwenda nayo duka la dawa na kuchukua chupa ya senti 50, kampuni inalipa. Ni kijiko cha jikoni kwa mama, safari hii kwa taifa zima. Matangazo yakaahidi dola 1,000 kwa atakayeleta kijidudu cha ugonjwa ambacho Liquozone haiwezi kukiua.

Orodha ya magonjwa ilianzia mba, ikapitia pumu na kuhara, ikafika kifua kikuu na saratani.

Chupa zikaenda kwa mamilioni. Kuponi zilikuwa za kweli, chupa ya bure ilikuwa ya kweli, posta ilifika. Ahadi ndogo ndogo zote zilitimizwa. Ndiyo maana watu waliamini ile kubwa.

Oktoba 1905 jarida la Collier's lilianza mfululizo wa makala za mwandishi Samuel Hopkins Adams kuhusu dawa za udanganyifu, na Liquozone ikapewa makala yake. Adams aliipeleka maabara. Matokeo yake: asidi ya salfa kidogo sana, chini ya asilimia moja, asidi nyingine ya jamii hiyo kidogo zaidi, na karibu asilimia 99 maji. Simbilisi wa maabara waliowekewa vijidudu vya magonjwa na kupewa Liquozone walikufa kama wale ambao hawakupewa.

Fikiria mgonjwa wa kifua kikuu wa mwaka 1904 aliyesoma lile tangazo. Halikupiga kelele. Lilimwomba ajaribu bure. Alipoteza miezi akinywa maji yenye ukakasi, na kwa ugonjwa ule miezi ndiyo uhai.

Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya vyakula na dawa. Lebo ya chupa haikuruhusiwa tena kudanganya kuhusu kilichomo, na dawa zenye pombe, kasumba au kokeini zililazimika kusema hivyo. Makala za Adams zilichangia. Lakini sheria iliishia kwenye lebo. Tangazo la gazetini halikuguswa.

Hopkins akaondoka kwenye biashara hiyo akiwa tajiri, na afya yake ikiwa imedhoofu.

Bia ya Schlitz na mtu asiyependa pombe

Katika miaka ile ile alikuwa amefanya kazi nyingine ambayo ndiyo inayofundishwa vyuoni. Kampuni ya bia ya Schlitz ya Milwaukee ilikuwa ya tano kwa mauzo. Bia zote zilikuwa zinajiita safi, kwa herufi kubwa na kubwa zaidi, na hakuna mnywaji aliyejali.

Hopkins akaenda kiwandani. Akaona vyumba vya vioo ambamo bia hupozwa kwa hewa iliyochujwa. Akaona pampu na mabomba yanasafishwa mara mbili kwa siku, chupa zinaoshwa mara nne kwa mashine, maji yanatoka kwenye visima vya futi 4,000. Akaelezwa kuhusu hamira iliyopatikana baada ya majaribio 1,200. Akawauliza kwa nini hawasemi haya. Wakamjibu kuwa kila kiwanda cha bia kinafanya hivyo hivyo.

Aliyaandika. Baada ya miezi michache Schlitz ilikuwa inagombea nafasi ya kwanza.

Kuna wanaouliza kama huo ni ukweli au ujanja, kwa sababu msomaji aliondoka akidhani ni Schlitz peke yake wanaoosha chupa mara nne. Tangazo halikusema hivyo, ila halikumzuia kudhani. Swali hilo ni zito kuliko mashabiki wake wanavyolichukulia. Walakini kila sentensi iliweza kukaguliwa: nenda Milwaukee, hesabu mara chupa inapooshwa. Kijidudu kisichokufa hukuweza kukikagua ukiwa kitandani.

Simulizi maarufu inasema tangazo hilo lilisomwa ndani ya treni na Cyrus Curtis, mchapishaji wa majarida ambaye hakutaka hata matangazo ya pombe kwenye kurasa zake. Alijikuta anatamani kuagiza chupa. Akamwambia Albert Lasker, bosi wa wakala wa matangazo wa Lord & Thomas wa Chicago, amtafute aliyeandika.

Mwaka 1907 Lasker akampata. Hopkins hakuwa na haja ya kazi, kwa hiyo Lasker akapitia kwa mkewe: mume aandike matangazo matatu tu, na mke achague gari lolote atakalo. Hopkins akakaa na wakala huyo takriban miaka 17, na akafikia kipato cha dola 185,000 kwa mwaka, hela ambayo kwa wakati ule wakurugenzi wengi hawakuiota.

Jaribuni na za wenzetu

Matangazo hayo ya kwanza yalikuwa ya maharage ya kopo ya Van Camp. Utafiti wake ulionyesha kwamba asilimia 94 ya akina mama walikuwa wanapika maharage yao nyumbani. Makampuni yote yalikuwa yanagombania asilimia sita iliyobaki kwa kuambizana nani bora.

Hopkins aliandika kwa wale 94. Akaeleza kwa nini maharage ya nyumbani hukauka juu yakawa rojorojo chini, mapishi huchukua saa ngapi, kiwanda hutumia joto gani. Halafu akafanya kitu kilichowashtua washindani: akawaambia wasomaji wanunue na za kampuni nyingine, waweke mezani, walinganishe. Kampuni yenye wasiwasi na chakula chake haithubutu.

Wakati huo ndipo alipoikomaza kanuni ambayo sasa iko nyuma ya karibu kila barua pepe ya biashara. Kila kuponi kwenye kila gazeti ilikuwa na alama yake. Kuponi ikirudi, unajua imetoka gazeti gani, siku gani, kichwa cha habari kipi. Unaweza kuandika vichwa viwili kwa bidhaa moja, ukaviweka kwenye miji michache, ukahesabu. Aliona kichwa kimoja kikileta majibu mara tano au hata kumi ya kingine. Leo unabonyeza kiungo na mtumaji anaona. Mwaka 1910 kulikuwa na makarani wanaofungua bahasha na kupiga mistari.

Mwaka 1923 akayaweka yote kwenye kitabu kidogo, Scientific Advertising. Ushauri wake ni wa mtu aliyewahi kulipia makosa. Andika kama unaongea na mtu mmoja aliyekaa mbele yako. Usijisifu, maana anayejiita bora duniani anamfundisha msomaji kupunguza kila anachosema baadaye. Ukisema taa inatoa mwanga zaidi, hakuna anayesikia. Ukisema inatoa mara tatu na theluthi, watu wanaona umepima. Sabuni ya kunyolea iliyoelezwa kuwa inaongezeka mara 250 kwa povu na kulainisha ndevu kwa dakika moja iliuzika kuliko zile zilizojaa sifa.

Ameeleza humo pia habari ya wauza farasi wawili. Wa kwanza anasema lipa, mpande wiki nzima, asipokufaa nirudishie nikupe hela yako. Wa pili anasema mchukue wiki nzima, halafu njoo unilipe. Hopkins alimnunua wa pili. Tofauti ni nani anabeba wasiwasi kwa hiyo wiki moja.

Dawa ya meno ya Pepsodent ilimpa tena nafasi ya kuonyesha mikono yote miwili. Alisoma vitabu vya madaktari wa meno, akakuta habari ya utando unaojengeka juu ya meno, akamwambia msomaji apitishe ulimi auhisi. Mamilioni walipitisha ulimi. Utando ulikuwepo kweli. Ambacho tangazo halikusisitiza ni kwamba mswaki wa kawaida huuondoa pia. Alikuwa amenunua hisa, na zikamwingizia dola milioni moja.

Mwaka 1927 akatoa kitabu cha maisha yake. Hakuficha Liquozone, aliipa sura nzima, na bado alisimulia kama mtu aliyeamini alichouza. Biashara ya kutangaza dawa, hata hivyo, alikuwa ameshaipa kisogo.

Alifariki miaka mitano baadaye. David Ogilvy, mtangazaji maarufu wa kizazi kilichofuata, alishauri mtu asiruhusiwe kugusa kazi ya matangazo kabla hajasoma kile kitabu cha 1923 mara saba.

Pengo lililoachwa na sheria ya 1906 lilizibwa mwaka 1938, pale tume ya biashara ya Marekani ilipopewa uwezo wa kuyashughulikia matangazo ya uongo ya dawa na vyakula. Kwa barua pepe ilisubiriwa mpaka 2003. Sheria ya mwaka huo ya Marekani inamtaka mtumaji wa barua pepe ya biashara ajitambulishe kwa kweli, aweke anwani ya posta anakopatikana, asiandike kichwa kinachodanganya kuhusu kilichomo, na ampe mpokeaji njia ya kujitoa. Ukishajitoa, ana siku kumi za kazi kuacha kukuandikia.